Kaka Yangu Mpole

Uvira, Jumamosi. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Moyo wangu nao ni hivyo hivyo.

Leo nimevunja uchumba wa kaka yangu.

Bahati ni mkubwa wangu. Tumebaki wawili tangu mama afariki, tunaishi nyumba moja hapa Rugenge, na mtaa mzima unampenda. Hagombani na mtu, hapandishi sauti, anasalimia wazee kwa mikono miwili. Wote wanamwita mpole. Na mimi nilimwita hivyo miaka mingi, tena kwa kujivuna.

Halafu mwaka jana mtoto wa jirani aliteleza ziwani tulipokuwa tunafua. Bahati alikuwa amesimama karibu naye kuliko sisi wote, na anajua kuogelea vizuri. Hakusogea. Wavuvi ndio waliomtoa yule mtoto, akiwa hai, Mungu ni mwema. Tulipofika nyumbani nikamuuliza kaka kwa nini hakuingia majini. Akasema, "Nilikuwa nimevaa viatu vipya." Hakuona aibu. Hakujaribu hata kunidanganya.

Tangu hapo namchunguza, na ninajichukia kwa kumchunguza. Nimekumbuka siku mama alipokata roho hospitalini: mimi niko sakafuni nalia, yeye anachomoa simu ya mama kwenye chaji na kuuliza kama wali umebaki nyumbani. Kwenye matanga alilia, tena sana, mchungaji alipokuwa mbele yake. Mchungaji alipogeuka, machozi yakakauka palepale.

Ninasoma saikolojia, mwaka wa pili. Mwezi huu mwalimu alitufundisha juu ya watu wasio na huruma, wale wanaoitwa saikopathi. Alisema wengi wao hawaui mtu, tofauti na tunavyoona kwenye filamu. Kuna wa moto, wanaolipuka na kuvunja vitu. Kuna wa baridi, wenye ulimi mtamu, wanaodanganya bila moyo kwenda mbio. Tena kuna waliozaliwa hivyo, na kuna waliokuwa kama sisi mpaka hofu za utotoni zikawakausha. Akatuonya tusiende kuwapima ndugu zetu nyumbani, maana sisi si madaktari. Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka.

Nilitaka sana awe wa kundi lile la mwisho. Tulipokimbia vita kutoka Rurambo, kule milimani, nikiwa mdogo, alinibeba mgongoni mpaka bondeni. Labda moyo wake uliharibikia njiani kule, kwa yale aliyoyaona mimi nikiwa nimefumba macho. Kisha najiuliza: alinibeba kwa kunipenda, au kwa kuwa mama alimwamuru? Mama hayupo nimuulize.

Basi leo akaja shangazi wa Furaha, msichana ambaye Bahati alikuwa amuoe. Kwao hawapangi mahari kabla shangazi hajaenda kwa dada wa kijana kuuliza tabia. Nilikuwa nachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, naye akaketi kwenye kigoda akaanza kunisaidia.

"Binti yangu, wote wanasema Bahati iko mupole. Weye njo dada yake. Uniambie kweli. Atamupiga mutoto wetu?"

Ningeweza kujibu hapana nikanyamaza, na isingekuwa uongo.

"Apana, tantine. Hatamupiga, hatamutukana. Lakini siku Furaha atagonjwa, siku atalia, Bahati hatasikia kitu mu roho. Minye naishi naye, najua."

Alinitazama. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Aksanti, mama," akaenda zake. Mchana ujumbe ukaja: familia imekataa.

Nikakaa kumngoja kaka nimwambie mwenyewe. Nilimwomba Mungu kaka akasirike. Anitukane, avunje sahani, anifukuze nyumbani. Ningepokea yote na kushukuru, maana ningejua alimpenda yule msichana na kwamba ameumia.

Alirudi, akanawa, akaketi kula. Nikamweleza kwamba uchumba umekufa, na kwamba ni mimi niliyesema.

"Njo weye ulisema?"

"Njo minye, kaka."

"Sawa. Wanamuke iko wengi." Akamega ugali, akaonja ndagala. "Haukutia chumvi?"

Nikamletea chumvi.

Nimeambiwa Furaha analia kwao tangu mchana, amekataa kula. Mimi nimelia jikoni mpaka macho yamevimba. Bahati yuko uani anapiga gumzo na majirani, nasikia wanavyocheka naye. Kesho nitamwamkia kama kila siku na kumpa chai, kwa sababu ni kaka yangu na ninampenda.

Lakini nitamlilia vipi mtu aliye hai, anayekula na kucheka?