Mama Ameingia Bwawani

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka,

Salamu tele kutoka kwetu. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza? Sisi wazima, na cherehani inaendelea kunilisha.

Sasa kaa kitako. Unalikumbuka lile bwawa la kuogelea la halmashauri, tulilolilaani mimi na wewe? Tulisema kodi zetu zimemwagwa majini ili watoto wa wakubwa wapige mbizi. Kaka, wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Daktari alisema mguu wa mama, ule uliolala tangu kiharusi, usipoamshwa sasa hautaamka tena. Akatuelekeza bwawani, ambako asubuhi wagonjwa huingia bure. Mama alikubali kwa sharti moja: avae nguo ya heshima. Nami, fundi mzima, nikamshonea gauni refu lenye bitana na mpira kwenye pindo. Alipoingia tu majini, gauni likajaa hewa, likafura mpaka kidevuni! Mwalimu wa bwawa, binti ambaye mama anamwita Filimbi, alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka. Tangu augue sikuwa nimekisikia kicheko kile.

Nikalichana pindo kwa mkasi palepale. Filimbi akamshika mikono, akawa anarudi nyuma taratibu. "Njoo, mama. Usiogope, maji yamekubeba."

Na mguu ukanyanyuka. Kaka, sijui nikuelezeje. Machozi yalinitoka, mkasi bado mkononi. Mama yetu alikuwa anatembea! Pembeni yake mchukuzi wa sokoni ananyoosha mgongo wake, na muuza mkaa anajifunza kuelea. Watoto wa wakubwa sikuwaona.

Sisemi kila kitu ni shwari. Mashindano yakija tunafungiwa nje, na mguu unarudi kuwa mzito. Tumelalamika halmashauri, mama akiwa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, na hana mpango wa kunyamaza.

Jana alisimama hapa sebuleni, pakavu, ameshika meza.

Msalimie wifi yangu na watoto. Mungu akufunike na akurudishe salama. Mara ya mwisho ulijifungulia mlango, ukamwinamia mama kitini. Safari hii anasema ubishe hodi, kisha usubiri nje, hata akichelewa. Anakuja kukufungulia mwenyewe.

Akupendaye siku zote,
Dada yako