Mama Aliyeogopa Kutikisika

Koku mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Kamuli tunavuna kahawa, na goti la bibi yako lina nafuu. Unauliza kama utupe fuwele zako za protini, zile chembe unazozikuza maabara, ukidhani zina kasoro kwa kuwa kwenye picha ya eksirei kila doa limetokea mara mbili.

Ujanani nikiwa mpiga eksirei, mfupa wa mama mmoja ulitoka kila ukingo mara mbili. Nikamfokea mbele za watu kwamba alitikisika. Akakana. Nikarudia picha, ikawa vilevile. Ndipo nikapiga picha funguo zangu, nazo zikatoka kila ukingo mara mbili, na funguo hazipumui. Mashine ndiyo iliyolegea.

Kabla hujatupa, piga kwanza picha ya kitu unachokiamini.

Mimi bado naona aibu. Nilipotoka kumwomba radhi nilimkuta kwenye benchi, amejikaza asitikisike.

Babu yako