Habari ya Baba Yako na Blogu ya Kampuni

Matondoni, Lamu
9 Februari 2025

Mpendwa dada Ummu,

Assalaam alaykum warahmatullah. U hali gani wewe, na shemeji, na watoto? Nasikia jua la Muscat halina adabu, poleni. Huku mama yangu hajambo ila goti, na mimi bado mzuri, wenye wivu wananuna. Moyo ndio mgonjwa. Barua hii nampa Afra, anayesafiri kuja huko, akuletee kwa mkono, maana kwa simu ningelia.

Wajua kampuni yetu ya kujenga majahazi ilinifanya mwandishi wa blogu yake. Nani mwingine? Mimi niliyefika Salalah na Jeddah, nikaingia hoteli ambazo mlango hujifungua wenyewe! Niliingia na sinia mkononi, lakini niliingia. Darasa la saba lanitosha.

Makala zangu za kwanza zilikufa zikizaliwa. Nilianza kama mtu mwenye malezi: salamu, afya ya msomaji, hali ya wanawe, ndipo majahazi. Kisha sifa, kwamba toka Amu hadi Zanzibar hakuna kama sisi. Jabez, meneja wetu wa kutoka bara, akaniambia, "Bwana Idarus, ukifika kwa watoto wake, msomaji ameshaondoka. Na sifa kila mtu anajipa. Tuonyeshe mtu mmoja, kazi moja, ukweli mmoja."

Nikanuna kutwa nzima. Halafu nikaona yuasema kweli.

Nikamwandika mjomba wangu, baba yako, fundi wetu mkongwe. Jinsi mikono imtetemekavyo siku hizi, hashiki tena msumeno, hukaa juu ya gogo akamwelekeza mwanafunzi wake Wazir kwa kidevu: "Kulia! Kulia, mwana wa kondoo! Hukufunzwa mkono wa kulia?" Na Wazir acheka, na ubao unaingia mahali pake. Nikatia na picha ya ile mikono. Wallahi niliandika nikilia.

Watu wakasoma, Ummu. Watu wa nti nisizozijua wakaandika mashallah na dua. Wewe mwenyewe uliwatumia shoga zako. Nikamsomea mjomba barazani, akasema, "Hebu rudia pale pa mwana wa kondoo." Sijamuona na raha vile tangu mamako atutoke.

Wateja nao wakasoma. Mmoja aliyekuwa ameagiza jahazi akauliza, chombo changu kinajengwa na mikono inayotetemeka? Akafuata wa pili, na swali ni lile lile.

Jabez akaniita. Si mtu mbaya, hakuweza kunitazama. Wakubwa wa Nairobi wameamua mjomba apumzishwe mwisho wa mwezi. "Na wanataka uandike ya kumuaga," akasema. "Itasomwa kuliko ile."

Na itasomwa. Hilo ndilo linalonimaliza. Ndia ya kumshika msomaji nimeijua, na nimeilipia kwa nyama ya mjomba wangu.

Nimewaambia siandiki, wamesema ataandika mwingine asiyemjua. Nimeifuta ile makala ya mjomba. Haifutiki vichwani mwa watu. Nimewaapia kwamba macho ya mjomba ndiyo yanayojenga, si mikono. Wamenisikiliza kwa heshima, basi. Mimi niliyekuwa nikiuza ujanja, leo sina hata wa kutumia mwenyewe.

Yeye bado hajaambiwa. Niliomba niachiwe nimwambie mimi, na kila asubuhi ulimi wanishinda. Mpigie umwambie, dada, barua hii ikikufikia. Sikuombi umdanganye. Naomba tu asiyasikie kwa mgeni.

Nisalimie shemeji na Razan, na mbusu mdogo kwa niaba yangu. Mama anakuombea, na Wazir anakusalimu. Naye hacheki tena, maana yeye nimemwambia. Mola akutunze ugenini na akurejeshe tungali wengi.

Jana mjomba alikuja kazini kavaa kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, ndevu zimechongwa. Akakaa, akaniuliza, "Idarus, mbona hunipigi picha tena? Nimekuwa mbaya?" Nikampiga. Aliibana mikono baina ya magoti ili itulie. Picha hiyo haitasomwa na mtu. Nimeitia humu, iweke wewe.

Wako akupendaye, na leo hana la kujisifia,
Idarus