Rangi Nyekundu kwa Jina la Mukalay

Mpendwa Mama Kabemba, naomba msaada kwa maana moyo wangu hautulii, mimi ni Laurentine wa hapa Kolwezi, nafanya kazi katika kampuni ya malori yanayobeba madini, kazi yangu ni kuchota habari za safari zote zilizomo kwenye kompyuta na kuzigeuza ripoti yenye michoro, na mkurugenzi wetu, Tata Badibanga, aliniambia, "Laurentine, nipe page moja, rangi tatu, basi," nami nikamtengenezea, dereva anayewahi kijani, wa katikati njano, anayechelewa nyekundu, na kwenye mkutano wakanipigia makofi, nikarudi nyumbani ninaimba.

Lakini ripoti ikawa inabandikwa kila mwezi ukutani kwa madereva, nao wakaanza kukimbia hata pale Musonoi, mahali watoto wanavuka barabara kwenda masomo, na juzi lori letu likagonga pikipiki ya taxi, kijana aliyekuwa anaiendesha akavunjika mguu. Ndipo dereva mmoja, jirani yangu Tata Mukalay, akaja kwangu, akakataa hata kiti, akasema, "Mama, mi niko rouge, ile nyekundu yenu, kila mwezi juu ninasimama batoto bapite. Sasa banasema batanifukuza. Ni weye unatupaka ile rangi?" Nikamjibu ni mashine. Mama, nilidanganya, maana madereva huingiza sababu ya kila kusimama, ninazo zote, ila niliziacha nje ili ukurasa usijae. Ripoti nyingine inakaribia, nafikiria nimgeuze Mukalay kijani kimyakimya, kwa kuwa nikisema ripoti ina kasoro mkurugenzi ataona sijui kazi, na nina watoto wa kulisha. Nifanye nini?

Mama Laurentine, pole. Jambo lako halikuweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine.

Mashine haikuchagua kitu. Wewe ndiwe uliyehesabu saa ukaacha sababu. Uliagizwa, sawa, tena hukuwa na nia mbaya, lakini mtu alipokuuliza usoni ukajificha nyuma ya kompyuta. Hapo nakulaumu. Na kumgeuza Mukalay kijani kwa siri ni kuongeza uongo juu ya uongo: utamwokoa mmoja, wenzake wataendelea kukimbia Musonoi, na siku ukigunduliwa hata ukweli wako hautaaminiwa.

Nilikuambia utengeneze ukurasa uleule mmoja anaoupenda mkurugenzi, lakini muda wa kusimama kwa usalama usihesabiwe tena kuwa kuchelewa, kwa madereva wote. Umpelekee mwenyewe kabla ya mkutano, useme, "Tata, ripoti zile za nyuma zilikosa kitu, na kosa ni langu."

Ulienda, ukanipigia kunieleza, nakusifu. Tata Badibanga alifoka, akauliza mbona ulinyamaza hata mtu akavunjika, kisha akaisoma ile page mpya, akasema, "Toeni ile ya ukutani." Mukalay amebaki kazini. Wewe umepewa onyo, lipokee, usinung'unike.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Yule kijana bado amelala hospitali. Pika bukari na samaki, nenda leo. Usimweleze habari za rangi wala za ripoti, hukwenda kujitetea. Mwambie jina lako na mahali unapofanya kazi, kisha keti, yeye ndiye aseme.