Vipele vya Samaki wa Fundi

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umepata usingizi kidogo, maana Mama akiugua hamlali wote wawili. Je, mguu wake umeanza kukubali kukanyagia? Msalimie sana, na umwambie aache kuwafundisha kazi wauguzi. Huku saluni tu wazima. Wateja wanakuulizia kila siku. Yule mwalimu mwenye nywele nzito amekataa katakata nimsuke, eti mkono wangu unavuta mpaka mawazo.

Najua unashangaa kwa nini ninaandika na simu ninayo. Kwenye simu mimi hupiga domo, nikibanwa nageuza maneno, nawe unacheka mpaka unasahau ulichouliza. Safari hii sitaki nafasi ya kugeuza. Nina aibu, Dada. Saluni yetu ni vioo kila upande, na siku hizi nasuka nimeinamia kichwa cha mteja ili nisijione.

Wewe ulikuwa umeshasafiri mchumba wako, Fundi, alipoleta wale samaki wekundu wawili. Aliingia na mfuko wa maji kifuani kama amebeba mtoto, akasema ni wenzake Mheshimiwa, yule samaki wetu mnene ambaye wateja humsalimu kabla hawajatusalimu sisi. Bila kuulizwa akaeleza kwamba alikuwa amewatenga nyumbani kwake, kwenye tangi lao wenyewe, mpaka aliporidhika kwamba hawana kitu, kwa sababu samaki mgeni anaweza kuwaletea maradhi wenyeji. Nikamjibu kwamba tutaona. Alidhani natania, akacheka.

Haukupita muda nikaona vipele vyeupe. Unajua macho yangu yalivyozoea kuwinda mba kwenye vichwa vya watu. Vilikuwa mashavuni mwa wale wageni, na vingine ukingoni mwa mapezi ya mbele. Tena walikuwa wakimfukuza Mheshimiwa tangi zima, wakimsukuma tumboni, mpaka akaenda kujibanza nyuma ya pampu. Niliwahi kusoma mahali kwamba kuna ugonjwa unaomtoa samaki madoa kama chembe za chumvi. Sikusoma mpaka mwisho. Nikangoja draya zizimwe ili kila mtu asikie, nikatangaza kwamba Fundi ametuletea ugonjwa, na kwamba hakuwatenga wala nini, ametudanganya mchana kweupe.

Kisha nikakupigia, nikijua neno hilo la kudanganywa litakugusa wapi. Baada ya yule mume wako aliyekuwa na nyumba ya pili uliniambia kwamba unaweza kuishi na mtu asiye na kitu, lakini si na mtu anayekudanganya huku anakutazama usoni.

Nilinunua dawa kwenye duka la dawa za mifugo, nikaizidisha maradufu, nikaongeza chumvi, na nikazima pampu ili isiichuje. Asubuhi nilimkuta Mheshimiwa anaelea ubavu. Wale wawili walikuwa wanahema juu juu, lakini hai. Mtu mwenye akili angejiuliza imekuwaje wagonjwa wakapona na mzima akafa. Mimi nilikwambia ameuawa na ugonjwa wa Fundi, ukalia kwenye simu. Unachokijua kinaishia hapo.

Nilirudi dukani kutafuta dawa kali zaidi. Mama mwenye duka, ambaye ni daktari wa mifugo, akataka kujua vipele viko wapi. Je, viko mgongoni? Nikasema hapana. Mkiani? Hapana. Akauliza kama ni mashavuni na mapezi ya mbele tu, na kama wanamfukuza mwenzao, nikakubali. Akacheka, akasema hao ni madume wazima kabisa wanaotafuta jike, na vipele hivyo huondoka vyenyewe. Ule ugonjwa hutapakaa, mwili, mkia, kila mahali. Mheshimiwa wetu alikuwa jike, Dada, na lile tumbo tulilokuwa tukilicheka huenda lilikuwa la mayai. Aliposikia nilichofanya na pampu, akaacha kucheka. Alisema dawa nyingi hupunguza hewa majini, na nilipozima pampu nikaimaliza kabisa.

Huo ungekuwa ujinga, na ujinga ungenisamehe. Lakini jioni ile ile ulinipigia. Ulisema unataka kuzungumza na Fundi, na kwamba kabla hujazungumza naye nikwambie kweli kama samaki walikuwa wagonjwa. Maneno ya daktari yalikuwa bado masikioni mwangu. Nikakujibu kwamba walikuwa wagonjwa, na sina shaka hata kidogo.

Nilikudanganya nikijua, Dada. Tangu uchumba wenu, wewe ulikuwa umeanza kusema “sisi” na mimi simo. Niliogopa utahamia kwake, mimi nibaki na vioo. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema kwa sababu ndiyo sababu yenyewe, na ni ndogo na mbaya.

Jana Fundi alikuja kuchukua samaki wake. Aliinama akawatazama mashavu, kisha akanitazama mimi, na hakuna alichohitaji kuelezwa. Nilingoja matusi, hata niliyatamani. Alisema tu kwamba ulimwambia yamekwisha, bila kumuuliza kama aliwatenga au hakuwatenga. Angekujibu. Kisha akafunga mfuko wake akatoka.

Nilimkimbilia barabarani na kitana mkononi, nikamrudisha ndani kwa kumshika shati. Mbele ya wateja wale wale nilisema kwamba samaki walikuwa wazima, Fundi hakudanganya, Mheshimiwa nimemuua mimi, na dada yangu nimemwongopea nikijua. Mwalimu alitoa kichwa kwenye draya akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Nilidhani sasa nimemaliza. Fundi akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, kwamba nimewaambia watu wote isipokuwa mmoja.

Ndiyo maana nimeandika. Mbusu Mama kwa niaba yangu, na ukiona vema umsomee, maana najua atauliza kwa nini unalia. Ukimaliza usinipigie mimi. Mpigie yeye, umuulize.

Ni mimi mdogo wako, nikisubiri zamu yangu, hata iwe ya mwisho.