Springi Fupi, Shokapu Zilezile

Baba watoto,

Nimekuacha umelala. Chai iko kwenye chupa. Ufunguo wa gari ~~uko juu ya friji~~ ninao mimi, usijisumbue kuutafuta.

Asubuhi nikimpeleka mdogo shule, kwenye lile tuta la hospitali gari liliruka, likadunda, likadunda tena, usukani ukawa mwepesi mkononi, tukajikuta upande wa pili wa barabara. Lori likatupita hivi, chupuchupu. Mtoto nyuma akacheka: "Mama, rudia!"

Fundi ameliinua, akanionyesha. Springi umefunga fupi ili gari likae chini, lakini shokapu ni zilezile ndefu, tena zinavuja. Springi inacheza tu, haikai mahali pake. Mume wangu, mimi ni mshona nguo, lakini nikifupisha gauni, na bitana naifupisha!

Chagua leo: springi na shokapu zinazoendana, zote nne, au urudishe zile za mwanzo. Ziko uvunguni. Mpaka hapo gari linabaki kwa fundi.

Tangu nirudi, uzi haupiti kwenye sindano.

Mdogo atakusimulia tulivyoruka. Cheka naye. Hajui.

Mama watoto