Kilio Ndani ya Kuta Nne

Nyumba ya Thornhey, katika Kwaresima

Dada yangu mpendwa Sabina,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako Thurstan, na uzifikishe kwa Mama Mkuu na masista wote mnaosali nao huko kaskazini. Natumaini kifua chako kimepona na kwamba hatimaye wamekupa blanketi la pili. Mimi huku sijambo, ukiacha magoti, ambayo hunisema kila nikipanda ngazi. Mvua haikatiki. Maji ya mabwawa yamefika ukuta wa bustani, na tumekula samaki mkavu hadi paka wa jikoni anageuza uso. Binti Amabel anakusalimu sana. Anasema kitanda chako kipo pale pale na hajakubali mtu yeyote akilalie.

Najua utashangaa kuniona nimeandika marefu, mimi ambaye kwa kawaida hukutumia mistari michache, na mmoja wao ni wa kuomba soksi. Nina jambo la kukuambia tangu kesi ilipokwisha, na kila nikishika kalamu naishia kukueleza habari za mvua. Leo nitajikaza. Nivumilie nianzie mbali, maana ulipoingia utawani, wiki ile ile ya mazishi ya Bibi Avelina, mimi nilikuwa bado Lincoln kwa shughuli zake, wala hatukuagana.

Niliporudi nilikuta chokaa ya kaburi lake haijakauka, na Bwana Warin, mumewe wa tatu, amekalia kiti cha marehemu ukumbini kana kwamba alizaliwa nacho. Nilidhani anangoja matanga yaishe tu. Thornhey si yake. Bibi Avelina aliirithi kwa mama yake, aliyeirithi kwa nyanya yake, na sasa ilipaswa kuwa ya Amabel, binti yake pekee. Lakini Bwana Warin aliwatangazia watumishi wote kwamba yeye hatoki. Alisema mkewe alimzalia mtoto kabla ya kukata roho, na mtoto huyo alilia. Na desturi ya nchi yetu, kama ujuavyo, ni kwamba mume ambaye mtoto wake amesikika akilia ndani ya kuta nne hushika ardhi ya marehemu mkewe mpaka naye afe, hata kama mtoto aliishi pumzi moja. Na Bwana Warin, dada yangu, ni mtu wa kumaliza paja zima la nguruwe na kulala kama gogo. Huyo hafi leo wala kesho.

Amabel aliniita kwenye chumba cha kufumia. Hakulia, ila alikuwa ametafuna kucha zake mpaka zikatoka damu. Aliniambia baba yake wa kambo amekwisha kumpangia maisha: baada ya Pasaka ataolewa na mpwa wake Warin, Joscelin, yule kijana ambaye akicheka farasi wote zizini huinua vichwa. Akaniuliza kama mimi, mzee wa wino niliyemfundisha kusoma, nitakaa tu nikitazama. Nikamwambia sitakaa. Wewe unajua ninavyompenda mtoto yule. Wangu sikujaliwa.

Njia ya kwanza ilikuwa kuivunja ndoa yenyewe. Kanisa linakataza watu kuoana wakiwa na damu moja ndani ya vizazi vinne, na kama ndoa haikuwa ndoa, basi hakuna mume wala desturi ya mume. Kwa hiyo nilianza kufuatilia ndoa za Bibi Avelina na ukoo wake, kijiji kwa kijiji, juu ya nyumbu mwenye tabia mbaya kuliko zangu. Mume wa kwanza, Bwana Fulk, alimwoa akiwa bado analala na mwanasesere, akaenda vitani, akafa kwa homa kabla hata hawajazoeana sura. Wa pili alikuwa Bwana Hamo, baba yake Amabel. Huyo ndiye aliyempenda, na ndiye aliyekabwa na mwiba wa samaki mezani huku sote tunatazama. Wa tatu, huyu Warin, alichaguliwa na mfalme, naye Bibi Avelina hakuulizwa.

Habari za ukoo wa Warin nilizipata kwa kikongwe Emmota, anayetunzwa na watawa wa mtoni. Haoni tena, lakini alinishika mkono akahesabu vizazi kwenye vidole vyangu, akitaja nani alimwoa nani, na nani alitoroka na mke wa nani, huku akicheka peke yake. Kwa hesabu yake ya kwanza, damu yao ilikutana kizazi cha nne, dada! Nilikaribia kumbusu. Kisha akarudia kuhesabu, akanikunja kidole gumba, akaniambia pole mwanangu, damu yao inakutana kizazi cha tano. Nilikosa kwa kidole kimoja. Niliporudi, Bwana Warin alinipigia kelele toka upande wa pili wa uwanja, mbele ya watu: eti karani, umefika kwa Adamu? Nisalimie, mwambie nilimwoa mjukuu wake! Watumishi wakacheka, hata wale niliowaandikia barua za uchumba.

Ikabaki habari ya kilio. Wewe uliyempokea mtoto ulimwapia padri kwamba alitoka mfu, na kwa sababu hiyo hakubatizwa wala hakuingizwa makaburini. Alizikwa nje ya ukuta wa kanisa, chini ya miiba. Lakini mahakama haimwulizi mkunga. Mwanamume haruhusiwi kuingia chumba cha uzazi, kwa hiyo sheria huyaamini masikio ya wanaume walio nje ya mlango kuliko macho ya wanawake walio ndani. Usinune, si mimi niliyeitunga.

Wanaume waliokuwa nje ya mlango siku hiyo walikuwa wawili. Odo msimamizi hakunisumbua, maana yeye Bwana Warin akimwambia mama yake ni mbuzi ataapa kwamba alinyonya zizini. Aliyenitia hofu ni Gamel mhunzi. Alikuwa pale anatengeneza ngazi, na hana haja na upande wowote. Aliniambia anaikumbuka siku ile kwa sababu mwanawe mdogo alikuwa anaota meno na nyumba nzima haikulala. Nikamwuliza kama haikuwa paka. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Ninao watoto saba nyumbani, karani. Paka namjua na mtoto namjua. Wewe unaowajua ni kina kalamu."

Halafu kulitokea jambo mezani. Ilikuwa mchana, siku moja kabla ya kesi, na jua lilikuwa limetoka baada ya majuma ya mvua. Tulikuwa tunakula wote ukumbini, chini ya chumba kile cha uzazi. Ghafla wanaume wote waliacha kutafuna. Kijiko cha Odo kilibaki hewani. Mchungaji wa nguruwe alifanya ishara ya msalaba akiwa na mkate mdomoni. Bwana Warin aliinua uso akaitazama dari, akatabasamu kama mtu aliyeitwa na mwanawe. Lakini Amabel aliendelea kumega mkate wake, na wanawake wa jikoni waliendelea kubishana nani aliyezidisha chumvi. Hakuna hata mmoja wao aliyegeuza shingo. Amabel ndiye aliyeona nyuso zetu, akaniuliza kulikoni, mbona sote tumekuwa weupe. Nikamwambia ni panya.

Baada ya chakula nilipanda peke yangu, magoti na yote. Nilisimama nje ya chumba, nikaufungua mlango, nikaufunga, nikaufungua tena. Nikashuka nikiwa na jibu la kumpa jaji.

Mahakamani nilikula yamini kwa Injili. Nikaeleza kwamba bawaba ya mlango ule, upepo wa mabwawani ukiisukuma, hulia kama kichanga kabisa, na kwamba nimeisikia kwa masikio yangu. Watu waliangua kicheko. Mmoja alipaza sauti kwamba basi Bwana Warin amezaa na mlango. Gamel alipandwa na damu usoni, maana bawaba ile aliifua yeye mwenyewe. Jaji akamwuliza kama anaweza kuapa kwamba alichosikia hakikuwa chuma. Gamel ni mtu mwaminifu, dada, na uaminifu huo ndio nilioutegemea. Akasema chuma hulia kweli, hawezi kuapa. Odo alibaki peke yake na neno la Odo halimtoshi hata mkewe. Bwana Warin aliondoka kabla ya Kwaresima na mbwa wake na kitanda chake, akiapa kwamba mwanawe atamlipizia kisasi. Amabel alinikumbatia mbele ya jaji, na kwa saa kadhaa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika nchi ya Lincoln.

Natamani barua ingeishia hapo.

Wiki iliyopita Gamel alikuja bila kuitwa, amebeba bawaba mpya. Alisema amekosa usingizi, kwamba kazi yake mbovu imemfukuza mtu nyumbani kwake, na hata kama mtu mwenyewe ni Warin, aibu ni aibu. Nilijaribu kumzuia. Akanipita ngazini, akaing'oa ya zamani, akaichezesha mkononi, huku na huku, karibu na sikio. Haikutoa hata mkwaruzo. Mafuta yake bado yalikuwamo. Akaipachika ile mpya, akaufunga mlango, na sote wawili tukabaki nje, mlango umetulia, upepo hakuna.

Ndipo kikaanza. Si kilio cha njaa wala cha maumivu. Ni cha mtoto aliyeamka akakuta chumba kitupu: kinapanda, kinanyamaza kidogo kusikiliza kama kuna mtu anakuja, kisha kinapanda tena. Gamel alivua kofia. Nilingoja aniite mwongo, tena mbele ya watumishi waliokuwa chini, na nisingemlaumu. Alipangusa mikono kwenye aproni yake ya ngozi, akaniuliza neno moja tu: "Ana jina?"

Nikamwambia sijui. Akashuka na bawaba yake ya zamani.

Basi sasa unajua. Nilisema uongo juu ya Injili. Bawaba ile haikuwahi kulia, nami nilijua hivyo kabla sijaondoka kwenda mahakamani, kwa sababu siku ile nilipanda, nikaufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na mtoto akalia upande wa pili wa mbao. Wanawake wa nyumba hii hawamsikii. Sheria iliwapa wanaume peke yao kazi ya kumsikia, na inaonekana naye anaijua sheria.

Najua pia kwa nini hukuningoja tuagane. Alizaliwa hai, sivyo? Sikuulizi ili nikuhukumu. Nimekuwaza mle chumbani: Bibi Avelina anakufa, mwanawe mikononi mwako anakwisha pumzi, na nje ya mlango Amabel anatafuna kucha. Ungeita maji ya ubatizo mbele ya watu, padri angejua kwamba alikuwa hai, na Amabel angekuwa amekwisha kupotea. Ulichagua yule atakayeishi. Nami nilipopata zamu yangu nikachagua vile vile, na leo ningechagua tena. Ila anayelipa ni huyu mdogo, na analipa kwa ajili yetu sote wawili.

Jana nilijaribu majina. Nilisimama mlangoni kama mwendawazimu nikamwita moja baada ya jingine, ya ukoo wao wote niliyoyakusanya juu ya nyumbu. Kwa kila jina ananyamaza, anasikiliza, kisha anaanza upya. Nilipotaja jina la baba yetu, Orm, alinyamaza mpaka nikadhani yamekwisha. Nilipofika ngazi ya chini alianza tena, kwa sauti ndogo zaidi, nami nikakaa pale pale nikalia naye.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Nakujua. Mikono yako haiwezi kumwacha mtoto akaondoka hivi hivi. Kama kulikuwa na tone la maji kwenye kidole chako, na ulimnong'oneza jina ambalo hakuna aliyelisikia, liandike kwenye kipande cha ngozi unitumie. Jina tu, bila neno jingine, ili hata barua ikiangukia mikononi mwa Odo asipate cha kumpelekea bwana wake. Nitapanda nimwite. Na nikishamwita, mimi na Gamel tutamtoa chini ya miiba kimyakimya, tumweke miguuni kwa mama yake. Amabel ameniagiza nichore ukoo wa mama yake, atundike ukumbini. Nimeuchora wote, ndoa zote tatu, na chini ya ile ya tatu nimeacha nafasi ndogo ambayo sithubutu kuiacha wazi wala kuijaza uongo mwingine.

Kama hukumpa jina, nitumie ngozi tupu. Nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Nitakuwa nampandia kila anapoanza, nimwimbie ule wimbo ulioniimbia mimi mama alipokufa, mpaka magoti haya yakatae.

Msalimie Mama Mkuu, na wote wanaoniulizia. Jikinge na baridi, unywe bia yako ikiwa ya moto. Amabel ananiita kwa chakula; leo ni samaki, bila shaka.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Thurstan, karani wa Thornhey